Kale kakanisa ka Mai Mahiu na mafundi waliokajenga

Kama umewahi kushuka ule mteremko wa kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu basi umekapita, hata kama hukukaona. Wengi hawakaoni kwa sababu macho yako upande ule mwingine, Longonot imekaa pale na shimo lake, bonde lote liko wazi mpaka unachoka kutazama, na kama huangalii bonde basi unaangalia trela iliyo mbele yenu na unaomba Mungu breki zake ziwe zinashika. Kakanisa kenyewe kako tu hapo kando ya barabara, ka mawe, kadogo hivi kwamba ukipiga chafya kwa matatu kameshapita.

Watu hukaita kanisa la wasafiri, wengine kanisa la Waitaliano, na kuna wanaokaita kwa jina la Maria wa Malaika. Ni ka Katoliki. Kalijengwa mwaka wa 1942 na mateka wa vita wa Kiitaliano, wale wale waliokuwa wanatengeneza hiyo barabara unayoshukia. Ndani wanakaa watu 12 hivi, na hao 12 wawe wamekubaliana kugusana mabega. Ndio maana kila anayekaandika lazima aseme ni kanisa dogo kuliko yote Kenya, kisha anapiga selfi mlangoni anaenda zake kula mahindi choma.

Sasa mimi stori yake ile ya kawaida huwa inanichosha kidogo. Unajua vile inaendaga: mateka maskini, mbali na nyumbani, wamechoka, wamemkumbuka mama, basi wakajenga kanisa, amina. Si uongo, najua walikuwa wamechoka na najua walikuwa na mama. Lakini inaruka kitu kimoja ambacho kwangu ndicho kitamu kuliko vyote, kwamba kati ya Waitaliano waliokamatwa upande huu wa Afrika walikuwemo mafundi wengi wa barabara, na barabara zenyewe si za tambarare, ni za kushuka hili hili Bonde la Ufa. Ukikaangalia hako kakanisa kama kazi ya watu wa mjengo kanaanza kueleweka.

Turudi nyuma kidogo. Italia ilivamia Ethiopia Oktoba 1935 na Mei 1936 ikaingia Addis Ababa. Nchi ile ni milima juu ya milima, na Mussolini, mtawala wa Italia, alitaka malori yapite, kwa hivyo wakamwaga huko vibarua na mafundi kutoka Italia kwa malaki, wengine walikuja kama wanajeshi wakajikuta na sururu mkononi, wengine walikuja kama vibarua wakapewa bunduki baadaye vita ilipoanza. Walichonga barabara ya kutoka Addis kwenda Asmara, na pale karibu na Debre Sina, mahali nyanda za juu zinapokatika ghafla na kuanguka kwenye bonde, walitoboa mlima wakapitisha handaki, ile njia ya Termaber. Bonde la Ufa haliishii Naivasha, linapanda mpaka huko. Ule ukuta wa mlima walioutoboa Ethiopia na huu wetu wa Limuru ni ndugu.

Tarehe 10 Juni 1940 Mussolini akatangaza vita dhidi ya Uingereza na Ufaransa. Mwezi uliofuata Waitaliano wakachukua Moyale, yaani walikanyaga Kenya, kitu ambacho shuleni tulipitishiwa haraka haraka kama matangazo ya kifo redioni. Halafu mambo yakageuka. Februari 1941 majeshi yaliyotoka Kenya yakaingia Mogadishu, Aprili 6 yakaingia Addis, na humo ndani walikuwa babu zetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la wakoloni la Afrika Mashariki) pamoja na Wanigeria na makaburu wa Afrika Kusini. Mei, Amedeo, yule Duke wa Aosta aliyekuwa makamu wa mfalme wa Italia huku, akasalimu amri kule Amba Alagi. Na Amba Alagi iko wapi? Juu ya hiyo hiyo barabara ya Addis na Asmara. Kikosi cha mwisho kikubwa kilishikilia Gondar mpaka Novemba 1941.

Basi ikawa kuna maelfu na maelfu ya Waitaliano wa kulishwa. Wengi wakaletwa Kenya, wakatawanywa kwenye kambi za Nanyuki, Nyeri, Gilgil, Naivasha, Londiani, Eldoret na kwingineko, ukiwauliza wazee wa hizo sehemu bado kuna jengo au daraja watakuonyesha waseme hii ni ya Mtaliano. Mkataba wa Geneva wa 1929 ulikuwa unasema mateka wa vyeo vya chini unaweza kuwapa kazi bora isiwe kazi ya vita moja kwa moja, na ofisa huwezi kumlazimisha. Ulisema pia mateka waachiwe uhuru wa dini yao. Hivyo viwili ukivijumlisha unapata Mai Mahiu: watu wanaofanya kazi ya barabara mchana, na hakuna mwenye sababu ya kuwakataza kujenga mahali pa misa.

Hiyo ya maofisa si jambo dogo. Ofisa alikuwa anakaa tu. Kule kambi ya Nanyuki kulikuwa na mtumishi mmoja wa serikali ya kikoloni ya Kiitaliano, Felice Benuzzi, alikaa akiutazama Mlima Kenya kupitia seng'enge mpaka akaona heri kichaa cha kupanda kuliko kichaa cha kukaa. Yeye na wenzake wawili, Balletto na Barsotti, wakajitengenezea vyuma vya kukanyagia barafu kutoka kwa vyuma chakavu, na picha ya mlima ya kuwasaidia waliitoa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Januari 1943 wakatoroka. Barsotti aliugua njiani, lakini Benuzzi na Balletto wakafika kilele cha Lenana, wakasimika bendera, kisha wote watatu wakarudi wenyewe kambini wakajisalimisha! Watu wa kambi walishindwa wacheke ama wawafunge, mwishowe wakawafunga kidogo. Naileta hii hapa kwa sababu moja tu, ukiwa umefungiwa bila kazi akili inatafuta mlima. Hawa wa Mai Mahiu mlima walikuwa nao tayari, na wakapewa nyundo.

Sasa mlima wenyewe. Huo mteremko umesumbua kila mtu. Watu wa reli walipofika ukingoni mwa bonde mwishoni mwa miaka ya 1890 hawakuweza kungoja njia ya kudumu, ikabidi waweke mtambo wa kamba wa kuteremshia mabehewa mpaka chini ili kazi iendelee kule mbele, ndipo reli ikafika Ziwa Victoria mwaka wa 1901. Barabara nayo ina shida ile ile na nyingine juu yake, kwa sababu gari halishuki kwa kamba. Ukijenga barabara ubavuni mwa mlima unakata upande wa juu, ule udongo unaumwaga upande wa chini, unapata kama rafu ya kupita. Lakini ile sehemu uliyokata inataka kuporomoka, na ile uliyojaza inataka kuteleza, na mvua iko upande wa zote mbili. Kwa hivyo fundi anaweka kuta za mawe za kushikilia, anaacha matundu ukutani ili maji yatoke yasisukume, anachimba mitaro upande wa juu, anapitisha makalvati ya maji chini ya barabara. Kazi yote ni mawe na maji. Mtu aliyefanya hivyo mwaka mzima, jiwe analijua, analitazama mara moja anajua uso wake uko wapi na litakaa vipi juu ya lingine.

Na hapo ndipo kakanisa kanapoingia. Kama una mawe yaliyochongwa, una simiti, una timazi na pima maji, una watu wanaojua kupanga kuta ambazo zinazuia mlima mzima usianguke, basi kukujengea chumba kimoja cha watu 12 ni kazi ya wikendi za kutosha. Udogo wake watu huusema kama kichekesho au kama unyonge, ati hawakuwa na kitu. Mimi nauona kama hesabu nzuri. Chumba kikiwa chembamba hivyo, mbao za paa zinakuwa fupi, huhitaji nguzo katikati, huhitaji boriti ndefu ambayo wakati wa vita ungeitoa wapi, kuta za mawe zenyewe zinatosha kubeba kila kitu. Mteremko wa paa unamwaga mvua ya ukingoni, na wewe unayejua mvua ya Limuru unajua si mchezo. Ukikaongeza mara mbili tu tayari uko na mradi mwingine kabisa, unaanza kuomba vifaa, unaanza kuandikiwa barua.

Kitu cha pili, ingawa ni kadogo hakakukatwa chochote. Kuna mlango mbele, kuna altare mwisho, kuna mabenchi katikati na njia ya kupita, msalaba juu, yaani mpangilio wote wa kanisa kubwa uko pale, macho yako yakiingia mlangoni yanaenda moja kwa moja mbele hayana pengine pa kwenda. Kuna vigango vingi tu huku kwetu vilivyojengwa kwa haraka, ukumbi mrefu wa bati na madirisha ya chuma kama ya darasa, mkijaa mnakuwa 300 na mnaimba vizuri sana, lakini jengo lenyewe halikuambii kitu, ukitoa msalaba unaweza kuweka mahindi. Haka hata ukikatoa msalaba bado kanakupeleka mbele. (Najua nitatukanwa na watu wa parokia yetu, tulichanga na mimi nilichanga, lakini si mnaona.)

Na hilo jina la Maria wa Malaika, kwa Mtaliano Mkatoliki halitoki hewani. Pale chini ya Assisi kuna kanisa dogo sana la mawe liitwalo Porziuncola, la Maria wa Malaika, ambalo Fransisko mwenyewe alilitengeneza kwa mikono yake mwanzoni mwa miaka ya 1200, lilikuwa limebomoka, na ndipo utawa wake ulipoanzia. Baadaye, kuanzia 1569, wakalijengea basilika kubwa juu yake, kwa hivyo leo unaingia kanisa kubwa na ndani yake, katikati, limesimama hilo dogo na paa lake. Basilika inavutia, lakini watu wanapiga magoti kwenye lile dogo. Kila mtoto aliyelelewa Katoliki Italia anajua hiyo stori ya mtakatifu na mawe. Kwa hivyo mateka anayejenga kanisa la kutoshea watu 12 tayari alikuwa na mfano mkubwa kichwani.

Kitu ambacho kinanishangaza zaidi ni mahali. Waliweka kanisa barabarani. Mateka kwa kawaida wakijenga wanajenga kambini, maana ndiko wanalala na ndiko wanasali. Kafikirie lile la Orkney, kule juu kabisa ya Scotland, kisiwa cha Lamb Holm, ambalo ndilo maarufu duniani na haki linastahili. Oktoba 1939 nyambizi ya Wajerumani ilijipenyeza bandari ya Scapa Flow ikazamisha meli ya kivita ya Royal Oak, watu zaidi ya 800 wakafa, Churchill akaamuru njia za maji za upande wa mashariki zifungwe kwa kuta za mawe na zege. Kazi ikafanywa na mateka wa Kiitaliano waliokamatwa Afrika Kaskazini. Jua hakuna, upepo tu na matope. Mwaka wa 1943 wakapewa mabanda mawili ya Nissen, yale ya mabati yaliyopinda nusu duara, wakayaunganisha ncha kwa ncha.

Humo ndani Domenico Chiocchetti, mchoraji kutoka Moena kwenye milima ya kaskazini mwa Italia, akafanya mazingaombwe. Aliyaficha mabati kwa bodi laini za plasta akazipaka rangi mpaka ukiangalia unaapa ni matofali na mawe ya kuchongwa, kumbe ni gorofa kama meza. Juu ya altare akamchora Bikira Maria na mtoto kutoka kakadi ka sala alikopewa na mama yake, alikuwa amekabeba vita yote. Giuseppe Palumbi, fundi wa chuma, akafua kizuizi cha altare kizuri cha kutisha kutoka kwa vyuma vya kuokota. Taa zilitengenezwa kwa mikebe ya nyama, mbao nyingine zilitoka kwa meli iliyozama, na simiti ilikuwa ile ile ya kuta za baharini. Vita ikielekea kwisha wenzake walihamishwa Septemba 1944, Chiocchetti akabaki nyuma kumalizia kisima cha ubatizo. Aliyebaki gerezani kwa hiari yake ili amalize kazi huyo ni fundi, mengine yote tunabishana.

Sasa ukiniuliza lipi zuri nitakwambia la Orkney, halina mpinzani. Ila la Orkney ni uchoraji, mabati yanayojifanya mawe. La kwetu ni mawe yanayojifanya hakuna. Wale walikuwa na mchoraji na hawakuwa na nafasi ya kujenga, hawa walikuwa na mlima mzima wa mawe na wajenzi. Kule Zimbabwe karibu na Masvingo kuna lingine la mateka wa Kiitaliano, nalo limepambwa ndani vizuri sana, na limehifadhi mifupa ya wenzao waliofia huko. Kila kambi ilijenga kwa kile ilichokuwa nacho. Hata kule Afrika Kusini, kwenye njia ya mlimani ya Du Toitskloof ambayo mateka waliifanyia kazi kuanzia 1942 hadi 1945, waliacha msalaba juu ya kilele. Barabara na msalaba, tena.

Kurudi kwa mahali. Kakanisa ka Mai Mahiu kangekuwa kambini leo pengine kangekuwa stoo ya mtu, kwa sababu kambi zilivunjwa, mabati yakauzwa, mashamba yakarudi kuwa mashamba. Kako barabarani ndio maana bado kapo, barabara haikuondoka. Nadhani (hili ni langu, msininukuu) hawakukajengea wao peke yao. Ukitengeneza barabara ya hatari unajua fika watu watakufa hapo hata ukiwa umeenda, fundi wa barabara anajua kona yake mbaya kuliko yeyote, na mila ya kuweka kakibanda ka Bikira Maria njiani ya mlimani imejaa Italia yote, kila kona mbaya ina kake. Haka ni hiyo mila, ila kamepewa mabenchi.

Na kweli madereva wanakatumia hivyo. Kuna wanaosimama dakika mbili, hawazimi hata injini, wanaingia na kofia mkononi wanatoka. Wengi si Wakatoliki. Sehemu ile ya chini ni ya AIC zaidi, kanisa la Kiprotestanti, Kijabe iko hapo juu na misheni yake ya tangu 1903, na hakuna mtu nimesikia akilalamika kuhusu Bikira Maria akiwa na lori la tani 28 na mteremko mbele.

Waliokajenga walienda wapi? Italia ilisalimu amri Septemba 1943, lakini kurudi nyumbani kulichukua muda, wengi walisubiri mpaka baada ya vita kwisha na zaidi. Wengine hawakurudi. Duke wa Aosta alikufa Nairobi tarehe 3 Machi 1942, kifua kikuu na malaria, mwaka ule ule wa kakanisa ketu, na alizikwa huku na askari wake. Leo yuko Nyeri kwenye lile kanisa la ukumbusho la Waitaliano lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na ukutani mle ndani kuna mifupa ya Waitaliano zaidi ya 600, na majina kwenye mawe. Na mapadre wa Kiitaliano wa shirika la Consolata wa hapo Nyeri, ambao walikuwa wamekuja 1902 na hawakuwa na habari na Mussolini, wengi wao nao waliwekwa kizuizini vita ilipoanza kwa sababu tu ya pasipoti. Nenda Nyeri siku moja uangalie. Ni kubwa, ni safi, ina majina. Kakanisa ka Mai Mahiu kana mwaka na kana kabila la wajenzi, basi. Orkney wanamjua Chiocchetti, mwaka wa 1960 walimtafuta wakamrudisha akatengeneza rangi zilizoharibika, na kamati ya kulitunza ilikuwepo tangu 1958. Sisi hatuna hata jina moja la kuweka kwa kibao, na mimi hilo linaniuma kuliko rangi ikibanduka.

Kuna pia suala la barabara yenyewe, maana upanuzi wa Rironi mpaka Naivasha unapita upande huu, na kitu kidogo kando ya lami huwa hakina wakili. Mlima nao haujanyamaza, Aprili 2024 maji yaliyozibwa chini ya reli kule Old Kijabe yalipasua usiku yakafagia Kamuchiri, watu wengi wakafa, na kila mhandisi aliyeongea baadaye alikuwa anaongea juu ya kalvati iliyoziba, kitu ambacho wale mateka wangekwambia bila kufungua kitabu. Kwa hivyo wakija na tingatinga nataka mtu awe amepima kile kiwanja, amepiga picha kila ukuta, na amechora ramani ya mitaro inayokapitia kwa juu, kwa sababu ukihamisha mtaro wa juu utakaangusha bila hata kukagusa.

Ukitaka kwenda, nenda asubuhi mapema katikati ya wiki kabla malori hayajajaa, usisimamishe gari kwenye kona, sogea mpaka pale penye nafasi kisha utembee. Ukikuta mtu ndani ngoja nje amalize, watu wawili wakisali mle tayari kumejaa. Halafu kabla hujaanza na selfi zunguka nyuma uangalie vile mawe yamepangwa pale ukuta unapokutana na mlima.